Tumbo ya Ofisa na Gauni ya Wajawazito

Juzi kule Siakago, kwa ofisi ya kununulia hospitali vitu, fundi wetu wa nguo alipeleka gauni ya wajawazito maofisa waione, na mimi nilikuwa nimemsindikiza. Wakikataa, wale wasichana anashona nao wanarudi nyumbani kukaa bure.

Ofisa mmoja akaiinua na vidole mbili. "Mama, hii ni kubwa sana. Ile ya ng'ambo hapa kwa meza iko sawa."

"Haya mkubwa, vaa hiyo ya ng'ambo ufunge," fundi akamwambia.

Akavaa. Kamba zilikataa kukutana mbele ya tumbo yake. Akavaa ya fundi, ikafunga, hata akajigeuza kidogo. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Sawa," akasema, "endeni mshone."

Miaka yote tunalalamikia matumbo ya wakubwa, kumbe moja inaweza kupea wasichana kazi.