Mtu wa Kudai Chini ya Paa Bovu

Kindu nilikoolewa mimi haikuwa na reli. Ilikuwa mitumbwi ya mto Lualaba, mashamba ya mpunga, na mabwana waliotoka pwani na majoho yao, wakajenga nyumba na kutupangisha. Mwenye nyumba wetu alikuwa mmoja wao. Alinukia udi hata akienda shambani, na alitamka "nyumba yangu" kama sultani anavyotaja nchi yake. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na paa la majani lililochoka kuliko yeye.

Tulipatana mbele ya mwalimu wa msikiti: sisi tutoe mpunga kila mavuno, yeye aweke majani mapya kabla ya mvua kubwa. Mvua ikaja, majani hayakuja. Mume wangu akasema basi na mpunga utangoja, akapanda mtumbwi kwenda kuuza mikeka yake. Wanaume hodari sana wa kutoa neno zito kisha kuondoka.

Mwenye nyumba naye akamtuma mtu wake wa kudai. Desturi ya mji ilikuwa hivi: mtu wa kudai huja kuketi kwako, unamlisha na kumlaza, hadi Ijumaa. Usipolipa, baada ya sala anaondoka na mtu wa nyumba hiyo, awe rehani kwa bwana. Nyumbani nilikuwamo mimi peke yangu, na nilikuwa na mimba. Niliogopa sana. Nilikuwa nimewaona wanawake walioingia ua wa bwana huyo kwa deni dogo wakazeekea humo wakitwanga.

Akaja, pande la mtu, na bunduki isiyo na baruti.

"Mama, sina matata na weye. Bwana njo alisema nikae."

"Kaa, baba. Mugeni ni mugeni."

Nikamtandikia mkeka katikati ya chumba, mahali pa heshima. Kwamba hapo ndipo palipovuja zaidi, sikuona haja ya kumweleza.

Mvua ikashuka. Akahamia mlangoni, akahamia ukutani, mwishowe akajibanza nyuma ya chungu changu. Alikula sombe, yale majani ya muhogo, na samaki huku amejifunika kikapu kichwani, na kila tone lililoanguka sahanini mwake alilitazama kana kwamba limemtukana.

"Mama, hii njo nyumba ama njo kikapu?"

"Uliza bwana yako."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mume wangu aondoke.

Ijumaa, kwenye baraza ya msikiti, mwenye nyumba alitokea na joho jipya. Akasema nyumba yake ni nzima, mpangaji ni mkaidi, nichukuliwe. Mwalimu akauliza ni nani aliyeiona kwa ndani. Bwana akamnyooshea mkono mtu wake kwa fahari: huyu amelala humo!

Hapo alijikoroga, maskini. Mtu wake alikuwa hajaacha kupiga chafya.

"Bwana, paa haiko. Iko mbingu tu."

Watu wakaangua kicheko, mwalimu akaficha mdomo kwa kanzu. "Nilikutuma kudai," bwana akafoka, "sikukutuma kukagua!"

Yule mtu hakucheka.

"Miye walinitoa rehani nikiwa mutoto, juu ya deni ya kikapu ya chumvi. Walisema ni mpaka baba arudi. Baba alirudi na chumvi yake, akakuta bwana amekwisha kuniuza. Huyu mama simuchukui."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akakata shauri: pasipo paa hakuna mpunga, na rehani haipo kabisa. Mwenye nyumba alinuna, lakini majani yakaletwa.

Mume wangu aliporudi, alimkuta mtu mkubwa juu ya nyumba yetu anafunga majani. Akaniuliza kwa ukali huyo ni nani. Nikamwambia ni mgeni wangu, na kama anataka kugomba, apande huko juu. Hakupanda.

Nilipojifungua, mtu wa kudai alikuja kutupa pole na hongera. Aliweka kikapu cha chumvi karibu na mlango, akamwangalia mtoto kwa muda mrefu, kisha akamwambia mume wangu, "Usisafiri tena, ndugu yangu."