Biskuti ya Mlinzi

Kila asubuhi mlinzi wa ghala hapa Mobeni hupanga koni za barabarani uani, hupangusa viganja kwenye suruali, kisha humwonyesha mbwa wake biskuti na kumwambia kwa sauti ya padri anayebatiza: "Rudi nyuma, bosi. Polepole." Mbwa hukaa tu. Basi mlinzi hurudi kinyumenyume mwenyewe ili mbwa aone, makalio yakitafuta njia, akizunguka koni na kupita sahani ya nyama iliyowekwa kumjaribu mbwa, bila kuitupia jicho. Laurette, muuza chai wa getini, alishazoea. Lakini jana, mashindano ya mbwa watiifu kule Pinetown yakiwa kesho yake, mlinzi alimaliza mzunguko mzima bila kugusa koni, akaketi wima mbele ya mbwa.

"Eish, papa, sasa kesho ni nani atashindana?" Laurette akauliza.

 Mlinzi alikuwa akimtazama mbwa usoni, akingoja biskuti.