Mjukuu Aliyekuja Nyumbani Akitazama Nyuma

Wewe unayenisikiliza, huenda uko karibu kuwapeleka watoto likizo kwa bibi yao, na mtu amekuambia utafute gari la kukodi lenye viti vya watoto. Usione haya kama hujui ni kitu gani. Mimi pia sikujua. Kaa hapo nikueleze tulivyofanya sisi watu wa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, maana niliyoyaona siku ile bado yananifurahisha.

Mdogo wangu wa kike aliondoka kambini akiwa msichana, akaenda kuishi na shangazi yetu katika nchi ya baridi. Huko alisoma, akaolewa, akazaa msichana na baadaye mvulana. Tulimjua kwa sauti ya simu na picha tu. Kisha mwaka mmoja akapiga kusema amepata likizo.

"Yaya," aliniita, kwani ndivyo sisi watu wa Kivu tunavyomwita ndugu mkubwa, "nakuja na batoto bangu bawili. Unitafutie gari ya kukodi pale Mbarara, tukae nayo siku zote za likizo. Lakini iwe na viti vya batoto."

"Gari gani haina viti?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka simu ikakoroma. "Siyo hivyo, Yaya. Kuna kiti kidogo chenye mikanda yake, kinafungwa juu ya kiti cha gari. Bila hicho batoto bangu habapande."

Mama alikuwa ameegesha sikio lake kwenye simu, upande wa pili wa kichwa changu. "Mwambie kiti cha mutoto ni mimi," akasema.

Hakuwa anatania, na ni vizuri nikueleze kwa nini. Kwetu, mjukuu anayefika mara ya kwanza haingii nyumbani mikononi mwa mtu mwingine. Bibi yake humfunga mgongoni kwa kitenge na kuingia naye mlangoni. Msichana wa mdogo wangu alikuwa ameshakua, anakimbia. Mama alikuwa amemkosa huyo. Kilichobaki ni yule mvulana ambaye hata meno hayajajaa. Mama alikuwa amenunua kitenge kipya cha bluu na njano, akakifua mara moja ili kisiwe kigumu kwa ngozi ya mtoto, akakikunja na kukiweka chini ya mto wake. Alikuwa na safari hiyo moja tu ya kumbeba. Akija tena, mtoto atakuwa anatembea.

Mbarara naijua, kwa sababu nilikuwa napeleka maharage huko kutoka kwetu Kashojwa, ndani ya kambi. Nikaanza kuulizia. Wenye magari walinitazama kwa huruma. "Mtoto si anapakatwa na mama yake?" waliniuliza karibu wote. Mwishowe, kule mtaa wa Ruti, nikampata mtu mwenye gari la safu tatu za viti, alilolinunua likiwa limetumika Japani. Aliniambia lilipofika lilikuwa na viti viwili vya watoto ndani, kama mizigo iliyosahauliwa. Kimoja kilikuwa sebuleni, mtoto wake alikuwa ananywea uji humo. Cha pili kilikuwa stoo, na kuku alikuwa anatagia.

Tulimwomba kuku radhi. Nilivisugua viti vyote kwa sabuni mpaka uji ukatoka kwenye mishono. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, basi hapakuwa na wa kutusomea.

Siku ya siku, mama alikataa kungoja Kashojwa. Alikuja nami Ruti, kitenge kikiwa ndani ya mfuko wake. Mdogo wangu alikuwa amefika Mbarara kwa basi jioni iliyotangulia, amelala nyumba ya wageni, na tulipatana aje uani kwa mwenye gari. Kabla hajafika, mimi na dereva, kijana Mnyankole mwenye maneno mengi, tukaamua kumrahisishia kazi.

Mimi ni mtu wa baiskeli. Gunia la maharage nikilifunga kwa vipande vya tyubu, halitikisiki mpaka sokoni. Basi nikatoa tyubu zangu, tukavifunga vile viti kama magunia. Kile kidogo, cha yule mvulana, tukakielekeza mbele. Dereva alisema ameona alama ya mshale inayoonyesha nyuma, lakini mama akamkatalia.

"Mutoto wa watu hawezi kuingia kwao kinyumenyume," alisema. "Atazame mbele, aone fasi anapokwenda."

"Kweli, nyabo," dereva akakubali, akimwita bibi kwa heshima ya kwao. "Hata mgeni hatumpi mgongo."

Hata mimi niliona neno hilo lina heshima. Tukasimama pembeni tukiitazama kazi yetu.

Mdogo wangu alipoingia uani, mama alimkumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Msichana alitupa mkono mmoja mmoja kwa adabu. Yule mvulana alipopokelewa na mama yetu alimtazama, akauma mdomo, kisha akalia kwa sauti ya kuita mtaa mzima. Mama alimrudisha kwa binti yake. Niliona vidole vyake vinapapasa mfuko wenye kitenge.

Kisha mdogo wangu akaingiza kichwa ndani ya gari. Nilingoja acheke au akasirike, naye hakufanya lolote kati ya hayo.

"Nani alifunga hivi?"

"Mimi," nikasema.

"Mafundo ni mazuri sana, Yaya. Sasa nikuonyeshe kitu." Akashika kiti, akakivuta. Tyubu ikanyumbuka, kiti kikaja mbele, kisha kikarudi mahali pake. "Unaona? Gunia likija mbele na kurudi, hakuna neno. Mutoto akija mbele hivi, kichwa kinakutana na hicho kiti cha dereva. Tunataka kitu kisichonyumbuka."

Aliuliza mikanda ya gari iko wapi. Dereva akakuna kichwa. Ilikuwa chini ya zile foronya za manyoya walizoshonea viti, imelala huko tangu gari lije. Tukafunua, tukatoa vishikizo pamoja na maganda ya karanga na kichana cha mtu. Mdogo wangu akavikagua viti vyenyewe: akapinda plastiki kutafuta ufa, akavuta kila ukanda, akafunga na kufungua kishikizo mara nyingi. "Hiki chenye uji kimetunzwa vizuri," alisema. "Hiki kingine kinanuka kuku, lakini ni kizima."

Mtoto wake wa kike akauliza kwa Kiswahili cha kigeni, "Kuku atapanda na sisi?"

"Kuku ameshuka, madamu," dereva akamjibu. "Ni wewe umepata siti yake."

Tukacheka. Lakini kicheko kiliisha pale mdogo wangu alipokigeuza kile kiti kidogo kitazame nyuma.

Mama alirudi hatua. "Hapana. Mwanangu, hapana. Umemutoa mutoto mbali hivyo, sasa unamuingiza kwetu kama mutu anayekimbia? Na mugongo wangu uko hapa. Nimpakate. Nimpakate tu, mpaka nyumbani."

"Mama, kwa gari sitaweza kukubali."

"Basi muende. Mimi nitapanda boda." Akageuka kweli, akaanza kutembea kuelekea barabarani, mfuko wake kwapani.

Dereva alinitazama mimi, nami nikatazama chini. Nilijua akiondoka hivyo, likizo yote itakuwa ya watu wasioongea, na kitenge kile kitarudi chini ya mto.

Mdogo wangu hakumwita. Alimfuata, akatembea sambamba naye, akasema kwa sauti ya chini ambayo niliisikia kwa sababu niliwafuata.

"Mama, mwaka wa vita, wewe ulinibeba."

"Nilikubeba. Ulikuwa mukubwa, mguu umevimba, na nilikubeba milima yote ile. Hata hakukuwa na kiti cha Japani."

"Ulinishika kwa mikono?"

Mama akasimama. "Mikono itaweza wapi? Mikono inachoka. Nilikufunga."

"Ulinifunga na kitenge."

"Na kitenge, na juu yake kingine."

"Kila ulipojikwaa, sikuanguka."

Mama akautazama mfuko wake wenye kitenge.

"Ndicho ninachotaka kwa huyu," mdogo wangu akasema. "Gari likisimama ghafla, vyote vilivyo ndani vinakimbilia mbele, na hakuna mikono ya mama yeyote itakayoshika, hata yangu. Na shingo yake bado ni laini, unaijua wewe kuliko mimi. Akitazama mbele, kichwa kitatupwa. Akitazama nyuma, kile kiti kinampokea mgongo na kichwa pamoja. Ni kama vile mgongo wako ulivyonipokea."

Nimewasikiliza watu wengi wakieleza mambo: wachungaji, walimu, watu wa semina kambini. Sijamsikia aliyeeleza vizuri kama msichana yule aliyeondoka kwetu hajui hata kupika ugali. Hakumwambia mama kwamba hajui. Alimkumbusha anachojua.

Mama alitazama gari, akatazama binti yake. "Uzazi wa siku hizi," alisema, na akaanza kurudi.

Mdogo wangu alikifunga kiti kwa mkanda wa gari. Kisha akamuuliza, "Mama, ukimaliza kufunga mutoto mugongoni, kabla ya kutembea, unafanyaje?"

"Si najitikisa. Naruka kidogo, nione kama fundo limeshika."

"Basi tikisa hiki."

Mama aliweka mfuko chini. Akakishika kile kiti kwa mikono yake ya jembe, akakitikisa kulia na kushoto. Kikasogea waziwazi.

"Hiki hakijafungwa," akasema.

Mdogo wangu akatazama, akakubali papo hapo. "Kweli, mkanda umelegea. Asante, mama." Akamwomba dereva aweke goti ndani ya kiti na kukandamiza kwa uzito wake wote, naye akauvuta mkanda. Mama akatikisa tena. Bado. Wakarudia. Dereva alikuwa anatoka jasho. "Banange, koko huyu angekuwa askari wa barabarani, tungeacha magari tutembee kwa miguu," alisema. Koko kwetu ni bibi, na neno hilo alikuwa amelipata kwa wateja wake Wakongo. Mama alitikisa mara nyingine, gari lote likayumba, lakini kiti hakikuondoka mahali pake.

"Sasa kimeshika," akasema. "Mulete mutoto."

Alikaa katikati, baina ya wajukuu wake. Mimi na mdogo wangu tulikaa safu ya nyuma. Tulipita mjini, tukashika njia ya Isingiro katikati ya mashamba ya ndizi. Mvulana alilia kidogo, kisha akanyamaza, kwa sababu alikuwa amegundua uso. Hebu fikiri: mgongoni angeona kisogo cha bibi yake na kilemba tu. Pale kitini alikuwa ameelekea kwetu, na kila alipogeuza kichwa kidogo, mama alikuwa hapo ameinama, anamchezea nyusi. Alimtazama maili na maili, kwa ule uzito wa watoto wachanga, kama mtu anayekagua kitambulisho. Baada ya Isingiro mtoto akampa bibi yake kidole chake. Mama hakugeuka kutuonyesha furaha yake, lakini niliiona mabegani.

Mbele kidogo, ng'ombe wenye pembe ndefu walitoka migombani ghafla na dereva akakanyaga breki. Mfuko wa mama uliruka ukagonga kiti cha mbele. Mkono wake nao ulirushwa kumdaka mtoto, ukamkuta ametulia palepale, anashangaa tu kwa nini bibi amemwekea kiganja kifuani. Hapakuwa na la zaidi, ng'ombe walipita. Mama aliuacha mkono wake hapo muda mrefu.

Kashojwa, gari letu lilikomea kwenye bomba la maji, maana njia ya kwenda kwetu ni ya miguu. Mdogo wangu alimwonyesha mama kishikizo chekundu. Kilikuwa kigumu kwa watu wengi, lakini dole gumba la mama lilikibonyeza mara moja tu. Akamtoa mjukuu wake mwenyewe. Mtoto hakulia.

Wanawake waliokuwa wanachota maji waliacha madumu yao. Mama alitoa kitenge cha bluu na njano, akainama, mdogo wangu akamweka mtoto juu ya mgongo ule ule uliomvusha yeye milimani, na mama akafunga. Kisha akajitikisa. Akaruka kidogo, mtoto akacheka kwa kwikwi. Akaruka tena, bila sababu nyingine ila kicheko hicho, nafikiri.

"Ameshika," alitutangazia, akatangulia kuelekea nyumbani, nasi nyuma yake na mizigo.

Siku zote zilizofuata, tulipokwenda ziwani na tulipokwenda kuwatazama pundamilia, gari halikuwashwa kabla mama hajatikisa viti vyote viwili. Dereva alikuwa anamngoja na mlango wazi.

Nawe fanya hivyo, si vigumu. Kiti cha mtoto mchanga kielekeze nyuma, weka goti ndani yake, vuta mkanda mpaka ukazike. Kisha kishike pale mkanda unapopita, ukitikise kulia na kushoto. Kikisogea zaidi ya upana wa kidole gumba, fungua, ufunge upya kabla hujamweka mtoto.