Mtaalamu wa Mbinu na Vichwa Vilivyonyolewa

Jumanne, tarehe 14 Juni 2022, Eliya Mwigulu alifika Mwakitolyo saa tatu asubuhi. Saa mbili alizitumia kukagua rula za kupimia nywele, saa moja kula wali kwa kuku, na dakika kumi kuwaondoa katika utafiti wanawake tisa ambao utafiti wenyewe uliandaliwa kwa ajili yao.

Eliya ni mzaliwa wa Ushirombo, mtoto wa katekista. Alisomea mbinu za utafiti, akazifundisha miaka ishirini, na katika miaka hiyo hakuwahi kuwa na swali lake mwenyewe. Watafiti humwajiri ili awazuie kuchagua watu wa kuwapa majibu wanayoyataka. Kazi hiyo ni ya lazima, na ilistahili mtu bora kuliko yeye.

Safari hii swali lilikuwa moja: je, zebaki ya mabwawa ya kuoshea dhahabu imeingia katika miili ya wanaoishi kando yake? Viongozi waliahidi kwamba ikionekana, mabwawa yatahamishwa mbali na nyumba. Mariana, Mama Ndaki, aliosha dhahabu bwawani miaka sita. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka hata chai ikamwagika, na mwanawe Ndaki alikuwa ameanza kutambaa.

Zebaki ilipimwa katika nywele za kisogoni, zisizopungua sentimita tatu. Lakini wiki iliyotangulia duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilimfukia Athanas, mchimbaji, shemeji au binamu wa takriban kila mwoshaji dhahabu. Baada ya maziko wanawake wote wa ukoo walinyoa, kama ilivyo desturi ya Wasukuma.

"Shikamoo, mwalimu," Mariana alisema, akafungua kitenge kichwani.

"Marahaba. Nywele ziko wapi?"

"Msiba, mwalimu. Tumenyoa."

"Basi hukidhi vigezo. Atachukuliwa jirani anayefuata."

"Anayefuata ni Klara wa duka la vocha! Huyo zebaki anaiona kwa macho tu."

"Utaratibu haumjui Klara, wala haukujui wewe. Ndiyo maana ni wa haki."

Bibi Scolastika, aliyekuwa amekalia ndoo, akaangua kicheko. "Mayu, mama yangu, mwazime za mbuzi! Huyu anatafuta nywele, ugonjwa hana habari nao."

Wenzake walicheka. Mariana hakucheka.

"Zitaota, mwalimu. Rudi baada ya miezi mitatu. Mtoto wangu anatambaa palepale bwawani."

"Kubadili ratiba ni kuharibu matokeo, mama," alijibu Eliya, akavaa kofia yake.

Mimi, fundi wa maabara niliyefuatana naye, nilishika mkasi. Nilikata nywele za Klara, ndefu na zenye mafuta mazuri, na za majirani wengine wanane ambao hawakuwahi kutia mguu bwawani.

Zebaki haikuonekana kwa kiwango cha kutisha. Ripoti ilisifiwa kwa usafi wa mbinu zake, na Eliya akaalikwa Kahama kuwafunza vijana. Aliwaambia kwamba kule Mwakitolyo hakuvunja kanuni hata moja. Hilo ni kweli, na ndilo jambo pekee la kweli lililopatikana katika safari ile.

Tarehe 14 Juni 2023 mabwawa yalikuwa palepale. Nywele za Mariana zilikuwa ndefu, zimesukwa vizuri. Alisukwa na Bibi Scolastika, ambaye pia alimchania, kwa sababu mikono ya Mariana haikuweza tena kushika kitana.