Maji ya Jumapili

Niliondoka Kitengela Jumatatu asubuhi kwa sababu mtu aliniambia kazi yangu ni kupima na yao wenye digrii ni kufikiri. Mtu huyo tulimwita Dakta, na ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ya ushauri wa mazingira iliyoniajiri Nairobi. Mezani pake palikuwa na ripoti nene kuhusu mfereji mmoja wa maji kule Kimana. Shamba kubwa la mboga za kusafirishwa ng'ambo lilitaka kibali cha kuweka pampu kwenye mfereji huo, na ripoti ilisema maji yanatosha watu wote. Ushahidi wake ulikuwa namba moja tu, na namba hiyo niliipima mimi.

"Weka sahihi hapa mwisho, Nekesa," Dakta aliniambia. "Alhamisi naipeleka mbele ya kamati, Kajiado."

Nikamwambia nilipima siku moja tu, na mimi nimezoea kupima siku tatu. Akacheka mbele ya makarani. "Wewe ni mtu wa diploma. Pima, tuachie sisi kufikiri."

Nyinyi wa nyumbani Webuye mnanijua. Niliondoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya tisini na sanduku moja. Nilikaa Botswana miaka tisa nikipima mito yenye mchanga mwingi kuliko maji, nikarudi na pikapu yangu, nikanunua ploti Kitengela na kujenga bila mjomba wala mume kunisaidia. Diploma yangu ya maji imening'inia sebuleni, na mgeni yeyote akiingia lazima aione kabla hajapewa chai. Kwa hiyo sikuweka sahihi. Niliomba ruhusa ya siku tatu, nikajaza tangi, nikaenda kuthibitisha kwamba namba yangu ilikuwa sahihi. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nilitaka tu kumrudishia Dakta kicheko chake.

Saa moja asubuhi nilikuwa nimepita Isinya, jua likiwa upande wangu wa kushoto. Kajiado nilisimama dakika kumi tu kununua machungwa sita sokoni. Nieleze ya nini. Chungwa likitupwa majini huelea, lakini sehemu kubwa yake huwa imezama, hivyo upepo haulisukumi. Unapima mita kumi za mfereji ulionyooka, unatupa chungwa upande wa juu, unatazama saa mpaka lifike upande wa chini. Ukijua pia upana na kina, unajua maji mangapi yanapita. Wenye digrii wana vyombo vya bei ghali vinavyoharibika njiani. Chungwa halijawahi kuharibika mkononi mwangu.

Adhuhuri nilifika Namanga, nikaacha lami na kushika kushoto barabara ya vumbi inayopita Amboseli. Barabara ile ina mikunjo kama bati. Meno yaligongana mpaka nikaacha kuimba. Mlima mkubwa wa ng'ambo ya mpaka ulikuwa umejifunika mawingu wote. Jioni, jua likiwa bado juu, niliingia Kimana, na harufu ya vitunguu ikanipokea kabla ya watu.

Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Mutinda, mkulima wa vitunguu aliyehamia huko kutoka Ukambani, tena mzee wa kanisa. Tulikutana wiki tatu nyuma, nilipokuja na Dakta kupima.

"Madam Injinia!" alisema. "Leo umekuja bila gari la vioo vyeusi?"

"Nimekuja na langu."

"Hilo ndilo gari," akasema akilizunguka. "Lile lingine lilikuwa friji."

Mkewe alitupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikala sahani mbili bila aibu.

Jumanne, saa mbili asubuhi, nilisimama palepale nilipopima mara ya kwanza. Alama zangu za rangi nyekundu zilikuwa bado kwenye mawe mawili. Mfereji wenyewe nilidhani nimeukosea. Mara ya kwanza maji yalinifika magotini. Sasa hayakufunika viatu. Nilitupa chungwa. Likasogea hatua mbili, likagusa tope, likakaa. Nilisubiri na saa yangu mkononi kama mjinga. Nikalisukuma kwa kijiti. Likakaa tena.

Nilipandisha mfereji kwa hasira, nikitafuta aliyeuziba. Sikuhitaji kwenda mbali. Kila shamba lilikuwa limefungua mlango wake wa mabati wa kuingizia maji, na maji yalikuwa yakimwagika kwenye vitunguu na nyanya. Mutinda alikuwa katikati ya shamba lake, suruali imekunjwa, jembe mkononi.

"Mzee, nani amefungua maji yote haya?"

"Sisi. Si ni Jumanne?"

"Mbona siku ile nilipokuja mfereji ulikuwa umejaa?"

Alinitazama, akaweka jembe chini. "Madam, siku ile mlinikuta nimevaa nini?"

Nikakumbuka. "Suti."

"Suti ya kijivu na tai. Sasa ulifikiria niko na suti ya kumwagilia vitunguu? Ilikuwa Jumapili. Hapa Jumapili hakuna mtu anafungua maji. Ni siku ya Bwana. Tunafunga milango yote Jumamosi jioni, maji yanaenda zake mpaka Jumatatu asubuhi."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Uliniuliza jina ya mfereji na jina yangu ya pili."

Wasomaji wangu, niliketi juu ya ukingo wa mfereji. Tulikwenda Jumapili kwa sababu siku za kazi Dakta alikuwa na mikutano. Kanisa la mabati lilikuwa mita mia mbili kutoka mahali nilipopima, na kwaya ilikuwa ikiimba. Nakumbuka vizuri kwa sababu niliufuatisha wimbo ule nikiwa ndani ya maji, nikigonga mdundo kwa kijiti cha kupimia. Kijiji kizima kilikuwa kanisani, mimi naimba nacho, na sikujiuliza ni nani aliyebaki shambani.

Mchana nilifuata mfereji kushuka, mwendo wa nusu saa kwa miguu, hadi unapoishia kwenye uwanda ambapo Wamaasai hunyweshea mifugo. Kulikuwa na tope lililopasuka, na mwanamke wa makamo aliyekuwa akichota maji kwa kikombe kutoka kwenye shimo, akijaza mtungi wa plastiki. Watu humwita Ng'oto Naisula, yaani mama yake Naisula.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," aliitikia kwa Kimaasai. Hakuinua macho. "Wewe ndiyo ule wa chungwa."

"Uliniona?"

"Sisi wote tulikuona. Ulitupa chungwa kwa maji, ukaokota, ukacheka, ukaingia kwa gari. Watu wenye kusoma wote nakuja Jumapili. Hizi siku ingine hamuna kazi?"

Nilimweleza kuhusu pampu. Alisimama sasa, kikombe mkononi.

"Hiyo Jumapili tunaita siku ya ng'ombe," alisema. "Ng'ombe nakunywa, watoto naoga, tunajaza kila kitu. Halafu tunangoja. Wakiweka mashini, hiyo mashini naenda kanisa?"

"Haiendi."

"Basi Jumapili yetu imekwisha. Na ni karatasi yako imemaliza."

Nimetukanwa na wasimamizi wa nchi mbili, lakini hakuna aliyewahi kunipata kama yule mama. Nilimwambia, "Karatasi hiyo bado haina sahihi yangu. Kesho nikimaliza kupima naondoka kwenda Kajiado. Kuna nafasi kwenye gari."

"Ni gari yako ama ya bwana yako?"

"Yangu."

"Nitakuja," akasema.

Jumatano asubuhi nilipima tena, na chungwa likakwama mahali palepale. Mutinda alikuja akanisimamia, kofia mkononi.

"Madam, ukisema hivi huko Kajiado, watasema sisi wakulima ni wezi wa maji."

"Nitasema siku, Mzee. Sitasema mwizi. Kama unaogopa nitakosea, panda gari usikie."

Akaenda kuvaa ile suti ya kijivu.

Saa tano tuliondoka watu watatu kwenye kiti kimoja, Ng'oto Naisula katikati. Mpaka Namanga hawakusemezana. Waliongea kupitia kwangu.

"Mwambie huyo mzee vitunguu yake nanuka mpaka kwa nguo yangu."

"Mwambie huyo mama mbuzi zake zilikula laini tatu nzima za vitunguu mwezi uliopita. Vitunguu inanuka sababu imetafunwa."

Bisil tulifika soko la mifugo likitawanyika. Nusu ya watu pale walimjua Ng'oto Naisula, na kila mmoja alitaka kujua yule Mkamba wa suti ni nani wake. "Ni mzigo," akajibu, na Mutinda akacheka kabla hajajizuia. Tukaingia hotelini kunywa chai. Ndipo, bila mimi kusema neno, Mutinda akageukia kiti cha Ng'oto Naisula.

"Mama, tuseme tunafunga milango siku moja ingine. Katikati ya wiki. Jumatano. Mbuzi zako zitaacha kuingia kwa vitunguu yangu?"

"Mbuzi naingia sababu iko na kiu. Ikikunywa, naenda wapi kutafuta kitunguu?"

"Hiyo si jibu."

"Nitaweka mtu wa kuchunga. Hiyo ndiyo jibu."

Wakapeana mkono juu ya sahani ya mandazi. Ofisi yetu ilikuwa imeandika kurasa nyingi kuhusu namna ya kupatanisha watumiaji wa maji, na sikumbuki hata moja iliyotaja mandazi.

Alhamisi asubuhi, Kajiado, kamati ya wilaya ilikaa kwenye chumba chenye madirisha yasiyofunguka. Tulikuwa tumelala kwa jamaa za Ng'oto Naisula, tumeoga, tumenyooka. Dakta aliniona nikiingia akadhani nimekuja kuweka sahihi. Akasoma ripoti kwa sauti nzuri, nakiri, akafika kwenye namba yangu. "Kipimo kilichofanywa kwa uangalifu na fundi wetu," alisema.

Nikasimama. "Mwenyekiti, fundi ni mimi. Naomba kipimo hicho kisitumike."

Dakta alitabasamu kuelekea mezani. "Mwenyekiti, tumsamehe. Huyu ni mtu wa diploma, hajatumwa na ofisi."

"Ni kweli, sikutumwa," nikasema. "Nimejileta kwa petroli yangu. Na diploma ninayo, sikuiokota. Kipimo kilikuwa sahihi, na atakayepima palepale siku ileile atapata kilekile. Kosa letu lilikuwa siku. Dakta, ulikuwepo. Ulikaa ndani ya gari kwa sababu ya vumbi. Siku ile kwaya ilikuwa ikiimba?"

Dakta akaanza kupekua kurasa za ripoti.

"Nilipima Jumapili, Mwenyekiti, watu wakiwa kanisani na milango ya mashamba imefungwa. Jumanne na jana nimepima tena mahali palepale. Chungwa halikufika mwisho wa mita kumi."

Mwenyekiti, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtazama Mutinda. "Ni kweli Jumapili hammwagilii?"

"Mheshimiwa, Jumapili hata punda yetu inapumzika."

Chumba kikacheka. Ng'oto Naisula akasimama bila kuulizwa, akasema sentensi moja tu: "Mimi naishi pale mwisho, na hii mwaka yote sijaona ninyi siku ya Jumanne."

Hapo cheko likaisha. Niliomba ukurasa wa mwisho wa ripoti, ule uliokuwa ukinisubiri. Nikaandika kwa herufi kubwa: Kipimo hiki kilichukuliwa Jumapili. Kisitumike kwa siku nyingine yoyote. Ndipo nikaweka sahihi, na chini yake nikaandika neno Diploma, nikalipigia mstari.

Mchana huo kamati iliikataa ripoti na kuagiza pampu isiwekwe mpaka mfereji upimwe siku zote za wiki, kiangazi na masika. Nje, Dakta alinipita akiongea na simu yake ya mkononi. Hakuniita tena kazini, na mimi sikwenda kuuliza. Wenzangu niliwapandisha matatu ya kurudi Kimana, na jioni nilikuwa Kitengela. Mwezi uliofuata nilipaka rangi ubao nikautundika getini kwangu: Nekesa, Vipimo vya Maji, Mwenye Diploma. Kazi hazijanikosa tangu siku hiyo, na wengine wanaokuja wana digrii.

Nilichojifunza nakisema wazi, maana sioni haya kujifunza. Nilikuwa najua kuuliza maji kina chake na mwendo wake. Sasa, kabla sijalowesha mguu, nawauliza watu wa pale: leo ni siku ya nani?

Wiki sita baadaye nilirudi Kimana, Jumatano, bila kumwarifu mtu. Milango ya mabati ilikuwa imefungwa kuanzia juu mpaka chini. Nilitupa chungwa kati ya mawe yangu mekundu, likapita mita kumi kabla sijamaliza kuhesabu, na safari hii sikuliokota. Nililiacha liende, nikalifuata kwa miguu, wakati mwingine likinipotea kwenye nyasi. Nilipofika kule mwisho, ng'ombe walikuwa wamejaa majini hadi matumboni, na Ng'oto Naisula alikuwa amekaa ukingoni akitafuna, maganda miguuni pake.

"Takwenya," nikasema, nikihema.

"Iko, Injinia," akajibu, akatema mbegu. "Kipimo yako imefika. Nimekula."