Siku Nilipomushitaki Marehemu Baba

Mimi nina ugonjwa wa kutafuta mwenye kosa. Tulipokimbia mapanga ya wauaji kule Mulekera, kosa lilikuwa la wakubwa wa serikali. Tulipokosa mutoto hapa Butembo, kosa likawa la bibi yangu Kavira, na nilimutukana mbele ya watu mpaka jamaa yake wakaahidi kuja kumuchukua.

Nikaogopa. Bila Kavira nabaki na nani? Nikakimbilia kwa docteur. Akanipima, akasema shida iko kwangu.

“Pengine ni ile dawa ulikuwa unapulizia kakao miaka yote bila kujifunika pua. Pengine ni kitu ulizaliwa nacho, kimetoka kwa wazazi. Tungoje examen, kipimo cha pili.”

Kungoja, hapana. Nikachagua wazazi, sababu dawa nilipuliza mwenyewe.

Siku ya kikao cha kumuchukua Kavira, bakwe zangu wakakaa, mama yangu akaanza kuwagawia chai. Nikasimama.

“Kavira hana kosa. Mwenye kosa ni marehemu baba. Yeye ndiye alinipa damu isiyozala.”

Baba mudogo, ndugu ya marehemu, akaweka kikombe chini. “Unasema kaka yangu alikuwa hazali?”

“Ndiyo. Docteur amesema.”

“Sawa, mutoto wangu. Basi wewe na dada zako wane, ni nani alibazala?”

Bakwe wote wakamugeukia mama, aliyekuwa bado ameshika birika. Yeye aliniangalia mimi tu.