Bi Mbili

Muuguzi wa chanjo huhesabu mpaka tatu, lakini sindano huzama kwenye mbili. Mtoto akishtuka, pamba imeshabandikwa, naye muuguzi anauliza kwa sauti ya asali, "Kwani tatu imeuma?" Wazazi wakinung'unika huwajibu, "Surua haina adabu ya kusubiri." Ndiyo maana wanamwita Bi Mbili.

Jana chanjo ilikuwa ya wakubwa kwa wadogo, na akina baba walijibanza ukutani kama kuku walionyeshewa. Basi Bi Mbili akatangulia kudungwa yeye. Muuguzi mwenzake aliposema "Moja," bega likaruka, kiti kikapinduka. "Usinichezee! Ujanja huo nimekufundisha mimi!" Akina baba wakaangua kicheko. Akarudi kitini, akafumba macho, akamwomba kabinti alikotoka kukadunga kamhesabie. "Moja," kabinti kakasema, na sindano ikazama. Kisha kakamwinamia kwa huruma: "Kwani mbili imeuma, bibi?"